Kitenzi "mind" kwa wanafunzi Wachina: wakijibu "Yes", nifungue dirisha au nisifungue?

Swali la msomaji: Ninafundisha Kiingereza kikundi cha mafundi na wahasibu wa Kichina walio kwenye mradi wa ujenzi hapa Tanzania. Nikiwauliza "Do you mind if I open the window?" wananijibu "Yes, yes" huku wakitabasamu. Sijui nifungue au niache. Kwenye madaftari wananiandikia "Would you mind to wait?", "I mind you come late", na nikiwashukuru wananiambia "Never mind". Nimewasomea maana za kitenzi hiki kwenye kamusi mara kadhaa, lakini naona nazidi kuwachanganya. Nianzie wapi?

Mwalimu mwenzangu, fungua dirisha. Kama wametabasamu na hakuna aliyejikunyata kwa baridi ya kiyoyozi, hiyo "Yes" ni ruhusa. Ukishafungua, ndipo tuulizane kwa nini imekuja "Yes" mahali ambapo kitabu kinadai "No", maana kazi yako kubwa iko hapo, na kamusi haitakufikisha mbali.

Maana ya msingi wanafunzi wako wanaijua. Kichina kina kitenzi jièyì, kinachokaa karibu kabisa na hiki "mind" cha kuombea ruhusa, na swali lao "Nǐ jièyì wǒ kāi chuāng ma?" limejengwa kwa mantiki ile ile: je, utaona vibaya nikifungua dirisha? Wala hata kwa Kiingereza si jambo geni kwao. "Would you mind" inafundishwa sekondari huko China, na maswali ya kuchagua jibu sahihi juu yake yamewatoa jasho wanafunzi wengi. Huyo mhasibu wako pengine alishapata vema kwenye swali la namna hiyo zamani, akiwa na kalamu mkononi na muda wa kufikiri. Mdomoni ndiko anakokwama.

Kinachompiga chenga ni jibu. Kichina hakina neno moja linalobeba kazi yote ya "yes". Mtu akiulizwa swali la ndiyo au hapana, mara nyingi hukirudia kitenzi chenyewe. "Qù ma?" Unakwenda? Anajibu "Qù", nakwenda, au "Bú qù", siendi. Ukimuuliza kwa jièyì anaweza kukujibu "Bú jièyì", na utata haupo. Lakini akilisikia swali lako kama ombi, atalijibu kama ombi: "Kěyǐ", inawezekana; "Hǎo de", haya; "Méi shì", si neno. Sasa akisema Kiingereza cha haraka, ile "Hǎo de" ndiyo inayotoka mdomoni ikiwa "Yes". Amekuruhusu. Kitenzi hakukijibu kabisa, amekujibu wewe.

Sisi nasi hatuna tofauti kubwa. Abiria akikuambia ndani ya daladala, "Samahani, una neno nikifungua dirisha?" hutamjibu kwa sentensi kamili kwamba hapana, huna neno. Utasema "Fungua tu". Na wenye lugha yao je? Muulize Mwingereza au Mmarekani "Do you mind if I sit here?" na kuna siku utapata "Yeah, sure, go ahead", bila mtu yeyote mezani kuona kuna kasoro. Kwa hiyo usiikatie "Yes" kwa kalamu nyekundu kana kwamba ni dhambi. Kasoro ni kuishia hapo. "Yes" kavu, isiyo na mkia, humwacha msikilizaji akining'inia, kwa sababu kwa sarufi imesema "nitaona vibaya" na kwa tabasamu imesema "karibu". Mkia ndio unaoamua.

Ndiyo maana nakushauri, kwa vipindi viwili vya mwanzo, piga marufuku "Yes" na "No" kwenye majibu ya "mind". Waachie mikia peke yake. Ya kuruhusu: "Go ahead", "Not at all", "Please do", "Of course not". Hii ya mwisho ichelewe kidogo, maana ina "of course" inayovuta kuruhusu na "not" inayofanana na kukataa, na mwanafunzi akisahau "not" amegeuza jibu zima. Ya kukataa yawe na sababu: "Actually, I'm a bit cold", "Sorry, I'm on the phone", "I'd rather you didn't". Wafanye wawiliwawili, mmoja aombe na kutenda, mwingine ajibu: kufungua mlango, kuazima kalamu, kuzima kiyoyozi. Aliyeomba atende kufuatana na jibu alilosikia. Akibaki amesimama katikati ya chumba hajui afanye nini, darasa zima limeona tatizo liko wapi na hukuhitaji kulieleza.

Kuna jibu moja wataliibua wenyewe nalo ulikemee: "You'd better not". Katika mazoezi ya mitihani ya China hilo hutokea kama jibu sahihi la kumkatalia mtu anayeomba kuvuta sigara. Kwa kanuni za mtihani halina shida. Masikioni mwa Mwingereza ni onyo, karibu na "ole wako". Fundi akimwambia hivyo mkaguzi aliyeomba kupiga picha, ameanzisha ugomvi bila kujua. "Yes, I do mind" nayo ni hivyo hivyo: sarufi yake imenyooka, lakini hutumiwa na mtu ambaye tayari amekasirika.

Sasa kuna mtego wa pili, na walimu wengi huuchanganya na huu wa kwanza. Ni swali lenye ukanushi ndani yake: "You don't mind, do you?" au "Don't you mind the noise?" Hapa Kichina na Kiswahili viko upande mmoja, Kiingereza kiko upande wa pili. Mchina akiulizwa kwa lugha yake kama haoni vibaya, atasema "Duì, bú jièyì", kweli, sioni vibaya. Mswahili akiulizwa "Hujala?" atajibu "Ndiyo, sijala". Tunakubaliana na kauli ya aliyeuliza. Kiingereza hakijali kauli ya muulizaji. Kinatazama jibu lenyewe, likiwa la kukanusha linaanza na "No": "No, I don't mind". Hapa ndipo uwe macho wewe mwenyewe kuliko wao. Mwanafunzi wako akikujibu "Yes, I don't mind", sikio lako la Kiswahili litaipitisha bila kushtuka, kwa sababu nawe ungesema hivyo. Wewe na Wachina wako mtaelewana vizuri kabisa kwa "Yes" hizo mwaka mzima. Atakayepotea ni mtu wa tatu, atakapokuja kikaoni.

Tuje kwenye madaftari. "Would you mind to wait?" na "Do you mind I smoke?" zina chimbuko moja. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo. Baada ya jièyì unabandika sentensi nzima kama ilivyo, "mimi kuvuta sigara", kazi imekwisha. Kiingereza kinataka ama umbo la -ing, ama "if" na sentensi kamili. Kanuni yenyewe ni fupi na utaieleza kwa dakika moja. Kilicho kizito ni nani anayetenda. Andika ubaoni sentensi hizi mbili, moja chini ya nyingine:

Would you mind opening the window?

Would you mind if I opened the window?

Ya kwanza, atakayenyanyuka ni wewe unayeulizwa. Ya pili, nitanyanyuka mimi. Kwa Kichina "Nǐ jièyì kāi chuāng ma?" haisemi ni nani atakayefungua, muktadha ndio unaojaza. Kwa hiyo mwanafunzi husoma sentensi ya kwanza akadhani anaombwa ruhusa, anasema "Go ahead", kisha anabaki ameketi, na wewe unabaki umesubiri dirisha lifunguliwe.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuacha kabisa kuitafsiri ya kwanza kwa jièyì. Iunganishe na máfan nǐ, maneno wanayoyatumia mchana kutwa wakimwomba mtu afanye jambo: "Máfan nǐ kāi yíxià chuāng", nikusumbue, nifungulie dirisha. Wakishaelewa kwamba "Would you mind" yenye -ing ni máfan nǐ yao, swali la nani anatenda linajimaliza, na jibu linakuja lenyewe: "Sure", kisha mtu ananyanyuka. Ile yenye "if I" ndiyo ibaki na jièyì. Miundo miwili, maneno mawili ya kwao, na usiyaweke kwenye kipindi kimoja.

Ukanushi nao utakuletea "Would you mind don't smoke?" Mwonyeshe tu kwamba "not" inakaa mbele ya -ing: "Would you mind not smoking here?" na uendelee na mengine.

Huenda watakuuliza kwa nini "if I opened" wakati dirisha halijafunguliwa bado. Kichina hakina wakati uliopita wa kunyambulisha kitenzi, kwa hiyo kwao hiyo ni ajabu juu ya ajabu. Kwako isiwe ajabu hata kidogo. Mtu akiingia ofisini akasema "Nilikuwa naomba unigongee muhuri", anaomba sasa hivi. Huo uliopita ni wa adabu, unamsogeza hatua moja nyuma asionekane anaamrisha. "Would you mind if I opened" inafanya vivyo hivyo. Waambie "Do you mind if I open" inatosha kwa mwenzako wa dawati la pili, na yenye "would" na "opened" ni ya meneja, mteja na mgeni. Wao wana nín kwa mtu wa heshima na nǐ kwa wengine, wazo la ngazi watalishika bila shida.

"I mind you come late" ni kosa la aina nyingine kabisa, na ningependa ulikazie. "Mind" ya kuona vibaya inaishi kwenye maswali na ukanushi. "Do you mind?", "I don't mind", "Would he mind?" Katika kauli ya kawaida ya kuyakinisha ni nadra na husikika kama imevaa nguo za kuazima, isipokuwa mtu anajibu dai la mwenzake: "I do mind, actually". Anayetaka kusema kuchelewa kwako kunamuudhi atasema "It bothers me when you come late" au "I don't like it". Nakukumbusha tena ujichunge mwenyewe, kwa sababu Kiswahili cha mtaani kimekichukua kitenzi hiki na kukifungulia geti: tunasema "usimaindi", lakini pia "jamaa amemaindi", na hakuna anayeona kasoro. Mwenye "amemaindi" kichwani haishangai "He minded" kwenye daftari. Aishangae.

Kwenye ukanushi kuna utamu mmoja ambao wahasibu wako watakutana nao: "I wouldn't mind a cup of tea". Mchina atatafsiri kwamba mtu huyu havutiwi na chai ila akipewa hatakataa, basi hampi. Mwingereza huyo anaitaka chai. Ameisema kwa mlango wa nyuma.

Hilo linatuleta kwenye "Never mind". Chanzo chake ni orodha za msamiati: "never mind" huwekwa mbele ya méi guānxi au méi shì, na méi shì kwa Kichina hujibu samahani na hujibu asante pia. Mwanafunzi anaihamishia "Never mind" kote kuwili. Kwenye samahani inapita, japo leo utasikia zaidi "That's all right" au "No problem". Kwenye asante haipiti. Mtu amekushukuru, nawe ni kama umemwambia aachane na jambo hilo. Mpe "You're welcome" na "No problem" zitoshe. Kisha mfundishe makao halisi ya "Never mind", ambayo kwa Kiswahili ni "Basi, acha tu" na kwa Kichina ni suàn le. Mtu ameuliza swali, hujalisikia, unamwomba arudie, anasema "Never mind". Hapo kuna upepo kidogo wa kukata tamaa, na bosi akisema "Never mind, I'll do it myself" kwa sauti ya chini, fundi ajue kuna jambo limeharibika. Ipo pia ya kufariji, ile ya "usijali", lakini sauti ndiyo inayozitenganisha. Wasikilizishe zote mbili badala ya kuzieleza.

Na ukiwa hapo hapo, tenga "I don't mind" na "I don't care". Mwulize mwanafunzi anataka chai au kahawa. Moyoni mwake kuna suíbiàn au wúsuǒwèi, yoyote tu, sawa tu, na kamusi nyingine humpa "I don't care". Amekusudia unyenyekevu, asikusumbue kwa kuchagua. Kilichosikika ni dharau. "I don't mind" ni salama, "Either is fine" ni salama zaidi.

Maana ya kujihadhari ningeipa kipindi kizima kwa mafundi wako hata kama haimo kwenye swali lako, maana eneo la ujenzi si darasa. "Mind your head", "Mind the step", "Mind those cables": hapa "mind" haina uhusiano na jièyì. Ni xiǎoxīn, yaani jihadhari. Kiingereza cha huku kwetu kimerithi mengi ya Uingereza, na msimamizi anaweza kupaza sauti "Mind your head!" mahali ambapo Mmarekani angesema "Watch your head!". Fundi anayeijua "mind" kama kuomba ruhusa tu atasimama kutafakari sentensi wakati bomba linapita juu ya kofia yake. Wengine watakuwa wameshaiona bila kuitambua: "Mind the gap" inatangazwa kwenye treni za chini ya ardhi za London tangu 1968, na kwenye treni za MTR za Hong Kong abiria husikia "Please mind the gap" pamoja na tangazo la Kichina lenye hiyo hiyo xiǎoxīn.

Xiǎoxīn yenyewe ina kisa kitakachowachekesha. Bango la sakafu yenye maji huandikwa 小心地滑. Herufi ya tatu ikisomwa dì ni sakafu: jihadhari, sakafu inateleza. Ikisomwa de inageuza neno lililotangulia kuwa kielezi: teleza kwa uangalifu. Ndiyo maana China kulikuwa na mabango yaliyowaambia wageni "Slip carefully". Kupunguza makosa ya namna hiyo, serikali ilitoa kiwango cha taifa cha Kiingereza cha maeneo ya huduma za umma, kikaanza kutumika tarehe 1 Desemba 2017. Waulize darasani hilo bango lilipaswa kusomekaje kwa Kiingereza, na wapatie "Mind the wet floor" ishindane na "Caution: wet floor". Ya pili ndiyo huandikwa zaidi mabangoni, ya kwanza ni ya mdomoni.

Maana nyingine pitia haraka. "Could you mind my bag?" ni "niangalizie begi langu", ya Uingereza na Ireland, na mlezi wa watoto wa kulipwa Uingereza huitwa "childminder". Huko Scotland mtu akisema "Do you mind the old bridge?" anauliza kama unalikumbuka daraja la zamani, ndiyo maana kongwe, kwa kuwa neno hili lilianzia kwenye kumbukumbu, na "remind" bado imelishika. Hilo ni la kuwaeleza wakiuliza tu. "Mind you" ya kuanzia sentensi, yenye maana ya "lakini ujue", waache waikute wenyewe.

La mwisho ni matamshi. Silabi ya Kimandarini haifungwi kwa d, achilia mbali nd. Mwisho wake ni irabu, n, ng, na ile r ya lafudhi ya Beijing. Kwa hiyo "mind" inakuja "mine", na wewe kwa kuwarekebisha utawapa "maindi" yenye irabu ya Kiswahili mwishoni. Njia ya mkato ni kuanza na vifungu ambavyo neno linalofuata linaanza kwa irabu, kwa sababu d inahama na kwenda kukaa nalo: "mind if" hutamkwa kama main-dif, "mind opening" kama main-dopening. Hapo ulimi wa Mchina na wa Mswahili wote unapita bila kujikwaa. "I don't mind" inayoishia hewani isubiri wiki ya tatu au ya nne.